Mke akipata skolashipu ya Korea, baba naye afunge mbeleko

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua mnapenda barua fupi ila hii sidhani kama itakuwa fupi, mkate mnapoona panafaa.

Kuna msomaji wa Makambako aliandika hapa juzijuzi kwamba binti yake kapata skolashipu ya kwenda kusoma Korea Kusini, ana watoto wawili wadogo, na yeye kama mzazi anashauri watoto wabaki kwa bibi mpaka mama yao amalize kwa sababu kule hakuna wa kulea. Niliisoma nikiwa dukani, nikairudia, jioni nikamsomea mama watoto akacheka mpaka akaweka mwiko chini, akasema basi mwandikie we, manake we ndo ulilea.

Ni kweli mi ndo nililea. Nina duka la pembejeo hapa Uyole, mbolea, mbegu, dawa za viazi, na mke wangu ni mtu wa utafiti wa mazao. Mwaka 2022 akapata skolashipu ya serikali ya Korea kwenda kusoma masters, mwaka mmoja wa lugha alafu miwili ya darasani, jumla mitatu. Wakati huo binti yetu ana miaka mitatu na mdogo wake wa kiume ana miezi minne, bado ananyonya. Mama yangu anakaa Tukuyu, akasema niachieni wote, nyie mlilelewa na nani? Hoja nzito hiyo, huwezi kumjibu mama kirahisi. Ila mama ana miaka sabini na kitu na tayari ana wajukuu watatu pale ndani ambao wazazi wao wako Dar, na mi nilikuwa nimeshaona mtoto wa jirani yetu aliyeachwa na mama yake akiwa na mwaka mmoja, mama karudi baada ya miaka minne na zawadi kibao, mtoto anamwamkia shikamoo anti alafu anakimbilia kwa bibi. Simlaumu yule mama, alienda kutafuta. Ila ile ilininyima usingizi.

Sa tukaamua mke atangulie Agosti, mi nibaki na watoto nikifuatilia makaratasi, tuungane naye Desemba. Hiyo miezi minne ya kulisha mtoto maziwa ya kopo usiku nisiizungumzie, iishie hapo. Duka nikamwachia mdogo wangu. Vijana wa kijiweni pale stendi wakapata cha kusema mwezi mzima, mara nimeolewa, mara naenda kuwa hausiboi wa Wakorea. Mmoja akaniuliza kwa sauti watu wasikie, we kule utakuwa unafanya nini? Nikamwambia ntakuwa nafua. Wakacheka. Na kweli nilifua.

Makaratasi nayataja kwa kifupi kwa sababu yule binti wa Makambako atayahitaji: vyeti vya kuzaliwa vya RITA, cheti cha ndoa, tafsiri, mihuri ya mambo ya nje na ya ubalozi wao pale Dar, na msisahau kadi za kliniki za watoto. Hiyo kadi ya kliniki watu wanaiona karatasi tu, kule daktari aliisoma chanjo moja moja akaziingiza kwenye kompyuta, zilizobaki akachoma bure kabisa, manake chanjo za watoto za mpango wa serikali hazichagui mgeni wala mwenyeji. Mkishafika mna siku 90 za kujiandikisha mpate kadi za ukaazi. Viza ya mtegemezi ni F-3, na F-3 haimruhusu mtu kufanya kazi bila kibali, kwa hiyo baba unayeenda usijidanganye kwamba utapata kibarua wiki ya kwanza. Unaenda kulea.

Tulikuwa Daejeon, mji wa katikati ya nchi, una vyuo na taasisi za utafiti nyingi, kwa treni ya kasi ni kama saa moja toka Seoul. Tumefika Desemba, na mi mtu wa Uyole nilijidai baridi naijua, si tunaona barafu kwenye majani mwezi wa saba hapa, si tunapanda Kitulo? Mhariri, ile siyo baridi ninayoijua mimi. Unatoka nje pua inakauka kama imepigwa gundi. Mtoto nilimvalisha nguo mpaka mikono haishuki, imesimama pembeni kama sanamu, na bado bibi mmoja wa Kikorea pale kituo cha basi alinisimamisha akanifokea kwa Kikorea huku ananyooshea miguu ya mtoto. Soksi moja ilikuwa imedondoka. Sikuelewa neno hata moja ila nilielewa kila kitu, manake ni mama yangu kabisa yule, mama yangu wa Tukuyu angenifokea vilevile kwa sauti ileile. Akatoa skafu yake akamfunga mtoto mguu, basi likaja, akapanda, akaenda zake. Hiyo skafu tunayo mpaka leo.

Ila ndani sasa. Nyumba zao zinapashwa kutokea chini, kuna mabomba ya maji moto yamelazwa chini ya sakafu, wenyewe wanaita ondoli, yani unakanyaga sakafu ni ya uvuguvugu kama jiwe lililoanikwa juani, mtoto anatambaa na nguo nyepesi nje kuna theluji. Usiku tulikuwa tunatandika godoro jembamba chini tunalala wote wanne. Mi kila nikilala pale nilikuwa nafikiria watu wa kwetu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani mwezi wa sita na wa saba wakafunga na madirisha, asubuhi tunaenda kuzika. Kila mwaka tunasikia habari hizo na kila mwaka zinarudi. Haya, nisitoke nje ya mada.

Huyo msomaji anasema kule hakuna wa kulea. Nusu yake ni kweli. Hakuna dada wa kazi wa kumuokota kijijini, hakuna shangazi, hakuna jirani wa kumwambia nishikie mtoto nakimbia sokoni mara moja. Watoto wenyewe ni wachache kupita kiasi, mwaka 2023 mwanamke mmoja wa Korea kwa wastani alihesabiwa kuzaa mtoto 0.72, yani hata mmoja hafiki, unaweza kupanda lifti wiki nzima usikutane na mtoto mwingine. Mchana pale kwenye ghorofa letu ni mimi, mtoto wangu na ukimya. Nilikuwa naongea na mtoto wa miezi kumi na moja habari za bei ya mbolea ya kupandia. Mama watoto anarudi saa mbili usiku kachoka, mi nimekaa siku nzima sijaongea na mtu mzima, nikimuona naanza kuongea kama redio, naye anataka kulala. Hapo ndo tuligombana sana, si kwa sababu ya hela. Sikuwahi kumuuliza mama yangu wala mwanamke yeyote wa kwetu siku zake za hivyo aliziishi vipi, kwa sababu sikuwahi kujua kwamba zipo.

Kilichoniokoa ni simu ya Tukuyu. Korea wako mbele yetu masaa sita, na hii ni raha kwa Mswahili kwa sababu mshale wa saa ya ukutani kule ukisoma tatu mchana, huku ni saa tatu asubuhi, ukisoma nne huku saa nne, huhitaji kupiga hesabu. Mtoto akilala mchana namuona bibi yake ndo anatoka shambani kwenye migomba, tunapiga stori. Mdogo alianza kuniita appa, ndo baba kwa Kikorea, alilitoa kwa dada yake aliyelitoa kwa watoto wenzake. Sasa bibi kwenye simu anasikia hapa, hapa, akaniuliza huyu mtoto kila siku anasema hapa, hapa panamuuma au anataka uende wapi? Tulimwacha hivyo hivyo kama mwezi mzima.

Nusu ya pili ya hiyo kauli ya hakuna wa kulea siyo kweli hata kidogo, kwa sababu wana dei kea, wanaita orinijipu, nyumba ya watoto, na mi sijaona kitu kama kile. Zinachukua watoto toka wachanga kabisa mpaka kabla ya shule. Mwaka wao wa masomo unaanza Machi, kwa hiyo binti aliingia Machi 2023. Ya kwanza niliyoenda mkuu wake alinipokea vizuri, akanipa chai, alafu akasema hatujawahi kuwa na mtoto wa kigeni, wazazi wengine itakuwaje. Nikanywa chai yangu nikaondoka. Ya pili wakasema nafasi zimejaa, sawa. Ya tatu mwalimu mmoja alichuchumaa akamuuliza binti jina lake, akalirudia mpaka akalipatia, nikajua hapa.

Ila hela. Hapa msomaji wa Makambako naomba usome taratibu. Mtoto wa Mkorea serikali inamlipia orinijipu, ni utaratibu wa nchi nzima wa watoto wote toka 2013, na wakati wetu kila mwezi mtoto alikuwa na posho yake ya won (ndo hela yao) laki moja juu. Mtoto wako wewe hayumo. Kuna miji na majimbo yanawasaidia wageni kiasi na mengine hayasaidii, inategemea unakaa wapi, sa kabla hajachagua chuo aulize na hilo. Sisi tulilipa wenyewe, na skolashipu ni ya mwanafunzi mmoja, haimjui mume wala mtoto. Ndo maana mdogo nilikaa naye nyumbani mpaka Machi 2024, hatukuweza kulipia wawili. Duka la Uyole lilitutumia hela mara nne, nikimshukuru mdogo wangu hapa gazetini atavimba kichwa ila nashukuru. Bima ya afya kwa wanafunzi wa kigeni ni lazima toka 2021, unailipia kila mwezi inauma, lakini mtoto akikohoa unaingia kliniki ya watoto pale chini ya ghorofa, unalipa hela ya kununulia soda, unatoka na dawa zimefungwa za kila mlo kwenye kipakiti chake.

Walimu wa orinijipu wanakuandikia kwenye simu kila siku, kila siku nakwambia, mtoto kala nini, kalala dakika ngapi, kaenda chooni mara ngapi na ilikuwaje, na picha juu. Mwanzoni nilidhani wananipeleleza. Kikorea changu kilikuwa cha kununulia vitunguu tu, kwa hiyo naingiza ujumbe kwenye programu ya kutafsiri, na siku moja ikanijibu kwamba mtoto wako peasi linamuuma. Nikakimbia. Kufika, binti kashika tumbo. Kumbe kwao neno bae ni tumbo, ni peasi, na ni meli pia, mashine ikachagua inalolitaka. Nashukuru haikuchagua meli.

Chakula cha kule ni wali, supu, na vibakuli vidogo vidogo pembeni, kimchi, ile kabichi yao ya kuchachusha, ya watoto haina pilipili. Kuna vidagaa vidogo wanavikaanga na sukari kidogo, binti alivila akasema baba hawa ni usipa. Ni usipa kweli, wa Kyela kabisa, ila waliosoma. Kilichonishinda ni parachichi, mi nimetoka Mbeya ambako msimu ukikolea Rungwe wanampa ng'ombe, kule naliangalia dukani moja limefungwa kwenye karatasi kama yai la dhahabu, narudisha.

Tulikaa ghorofa ya nne. Ghorofa ya tatu alikuwepo mzee na mkewe, na binti wangu kazaliwa Uyole amezoea kukimbia uani. Wiki ya pili mzee akagonga, kwa adabu, kainama, akaonyesha juu. Nikajua. Kule kelele za miguu ya ghorofa ya juu ni kesi kubwa, majirani wanaacha kusalimiana, wengine mpaka polisi wanaitwa, kwa hiyo wenye watoto wote wanatandika mikeka minene ya sponji sebule nzima. Ya dukani bei yake sikuiweza, nikaipata ya mtumba kwenye Danggeun, soko lao la simu ambalo jina lake ni karoti, watu wa mtaa mmoja wanauziana na kugawiana vitu, ni soko lako la mitumba la Mwanjelwa mfukoni, kigari cha mtoto nilipata bure, kiti cha kulia bure, nguo za baridi gunia zima nusu bure. Nikawatengenezea wale wazee maandazi nikashuka nayo na watoto wote wawili kuomba radhi. Wiki iliyofuata wakapanda na sanduku la mapeasi. Mwaka wa mtoto ulipofika, Aprili 2023, ni yule mke wa mzee aliyetulazimisha kufanya shughuli yao ya mwaka mmoja, anawekewa vitu mezani, uzi, hela, penseli, anaachwa achague, wanasema anachoshika ndo maisha yake. Mi nikachomeka na mbegu za mahindi. Mtoto akashika uzi, maisha marefu, wakapiga makofi, alafu akautia mdomoni.

Na ni huyohuyo mama aliyeniona siku moja nahangaika, mtoto analia mkono mmoja na taka mkono mwingine (taka zao ni somo la siku yake, pampasi zinaingia kwenye mifuko ya manispaa unayoinunua, chakula pembeni, chupa pembeni), akaingia kwake akatoka na kitu kama blanketi dogo lina mikanda mirefu. Akamchukua mtoto, akamlaza mgongoni kwangu, akazungusha, akakaza, akafunga fundo mbele. Podegi. Mhariri, ni mbeleko. Ni mbeleko iliyotiwa pamba ndani na mikanda ya kufungia, basi. Mama zao waliwabeba hivyo wote, leo vijana wengi wanatumia yale mabegi ya kisasa ya kifuani, na hayo nimeona akina baba wa Kikorea wameyavaa wako na suti. Mtoto alilala hata sijafika mlangoni kwangu. Nikapiga picha kwenye kioo cha lifti nikamtumia mama. Akakaa kimya nusu saa, alafu akapiga. Akasema baba yako hakuwahi kukubeba hata mara moja. Akanyamaza tena. Kisha akasema kaza hapo juu, anashuka.

Hiyo picha mdogo wangu akaionyesha kijiweni, mnaweza kukisia.

Mabaya yapo mengine, siyafichi. Miezi ya tatu na ya nne vumbi la jangwani linapulizwa toka Mongolia na China, asubuhi unaangalia rangi kwenye simu, ikiwa nyekundu watoto hawatoki nje siku nzima. Kuna migahawa imebandika kabisa watoto hawaruhusiwi, nilisomewa kibao kimoja nikadhani natafsiriwa vibaya tena. Watu wanashika nywele za binti bila kuuliza, wengi kwa upendo, lakini mtoto naye anachoka, kuna siku alivaa kofia kiangazi. Na lugha, ndani ya miezi minne mitano binti alikuwa anaota kwa Kikorea nasikia, ukimuuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kikorea. Tukaweka sheria, ukivuka mlango ni Kiswahili, na bibi kwenye simu ni hadithi kila Jumamosi hata kama haelewi. Alikuwa haelewi kweli miezi kadhaa. Alikuwa anaitikia tu.

Tumerudi Agosti 2025. Uwanja wa Songwe mama kaja na kanga mbili na ndizi, watoto wanashuka, nimewafundisha shikamoo njia nzima toka Addis. Walipomuona wakasahau yote, wakasimama wima, wakaweka viganja viwili tumboni kama walivyofundishwa orinijipu, wakainama mpaka vichwa vikafika magotini. Watu wakageuka kuangalia. Mi nikaona aibu. Mama, ambaye kwao mtoto wa kike asiyeshusha magoti kwa mkubwa hajalelewa, akashika mdomo akasema ndaga fijo, hawa ndo wamefundishwa, nyie wengine mnatuamkia huku mnachezea simu. Shikamoo ilipatikana baada ya wiki mbili. Appa bado naitwa, sijaikataza.

Sasa ndugu yangu wa Makambako, sikupangii. Pengine binti yako anaenda sehemu ambayo hesabu haitoshi kabisa, pengine bibi yao hapo ana nguvu kuliko mama yangu, unajua wewe. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu. Umemtaja binti, umewataja wajukuu, umemtaja bibi, umetaja baridi na kimchi. Baba wa hao watoto sijamuona hata mstari mmoja. Yupo? Yeye anasemaje?

Kama yupo na anaenda, aje kwanza Uyole aulizie duka la pembejeo la yule aliyekuwa Korea, wataonyesha na watacheka. Podegi ninayo, ya bluu, imefuliwa iko kabatini, wa kwangu ameshakuwa mzito.

Appa wa Wawili,
Uyole, Mbeya